Nilivyopeleka televisheni flashi isiyo na sauti

Kwaya yetu ya hapa Igoma, Mwanza, imeonekana kwenye televisheni mara mbili. Mara ya kwanza midomo yote kumi na minne ilikuwa ikienda, na hakuna hata mmoja aliyeimba. Mara ya pili tuliimba kweli, na waliotualika hawakuwa wamepanga tuimbe. Nasimulia yote mawili kwa sababu bado watu wananisimamisha njiani, "Mwalimu, ile siku mlikuwa laivu au plebaki?" Yaani tuliimba palepale, au tulifuatisha rekodi kwa midomo tu. Nimechoka kulijibu swali hili nikiwa juani na mfuko wa dagaa mkononi.

Aliyenipoteza ni jamaa mwenye studio ya kurekodi, anajiita prodyuza. Akaniambia, "Mwalimu, televisheni inataka sura. Peleka wimbo kwenye flashi, vaeni sare, tingisheni midomo. Hata wazungu wanafanya hivyo." La wazungu hakukosea. Kipindi cha BBC kilichoitwa Top of the Pops kilianza mwaka 1964 na kudumu hadi 2006, na kwa miaka mingi wasanii walikuwa wanakuja pale kufuatisha rekodi zao. Ila hakuniambia kwamba kutingisha mdomo nako kuna mazoezi yake. Sisi mazoezi tulifanya ya kuingia na kutoka.

Tatizo la kwanza lilikuwa kwenye rekodi yenyewe. Tuliirekodi miaka mitatu nyuma, na dada aliyeongoza wimbo alikuwa ameshaolewa Sengerema. Yule dada alikuwa na sauti nzito, ukifumba macho ungesema kivuko cha Kamanga kinaaga. Nafasi yake tukampa binti wa kidato cha pili, mwembamba kama ufito, ambaye akiongea inabidi umsogelee. Basi piga picha: kamera inamvuta karibu huyo mtoto, anafungua kinywa, inatoka sauti ya mama wa watu wazima aliyekwisha kula ugali wake. Mtangazaji alishtuka, nilimwona.

Mpiga ngoma wetu aliwekewa blanketi juu ya ngoma zisisikike. Mimi napiga gitaa. Nilipotoa waya nichomeke, fundi mitambo akanizuia: "Acha tu mwalimu, waya zinaharibu picha." Nikasimama na gitaa lisilokwenda popote, nakuna nyuzi kwa hisia.

Ubeti wa kwanza ulipita. Wa pili ukapita. Wa tatu, flashi ikakwama. Ile flashi ilikuwa imezunguka stesheneri zote za Igoma, kila aliyekuwa na kirusi alishaiwekea, na ikachagua neno "Bwana" kukwama nalo: Bwa-Bwa-Bwa-Bwa-Bwa. Sauti ya nne wakajaribu kuifuata, wakawa wanachezesha midomo kama samaki aina ya sato walioopolewa. Fundi akapapasa mitambo, akabonyeza, wimbo ukarudi mwanzo kabisa. Yule binti alikuwa amefumba macho na mikono ameinua juu, yuko ubeti wa tatu anamlilia Mungu, wakati spika inasalimia "Tumshangilie." Nusu ya kwaya ikarudi mwanzo, nusu ikabaki naye. Mzee wetu wa besi alifunga mdomo moja kwa moja, akatabasamu mpaka kipindi kilipoisha. Na kipindi kilikuwa kinakwenda hewani palepale.

Mjomba wangu wa Magu alipiga simu kabla hatujafika kituo cha daladala.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Nimekuona. Sasa hilo gitaa lako linapata wapi umeme?"

Baadaye mpwa wangu anayesoma Nyegezi akanionyesha habari za wale vijana wawili walioitwa Milli Vanilli. Mwaka 1989 walikuwa jukwaani Marekani, Connecticut, rekodi ikakwama ikarudia mstari mmoja vilevile, mmoja wao akakimbia jukwaa. Mwaka uliofuata ikathibitika kwamba hata kwenye rekodi hawakuimba wao, wakanyang'anywa tuzo yao ya Grammy. Nilicheka, kisha nikanyamaza. Sisi walau rekodi ilikuwa na sauti zetu, ukiacha ya Sengerema.

Tangu siku ile siwezi kutazama muziki kwenye televisheni kwa amani. Natazama shingo. Mtu anayeimba kweli noti ya juu, mishipa ya shingo inajitokeza na kifua kinapanda kabla ya mstari; anayefuatisha mdomo anasahau kuvuta pumzi. Natazama maiki: akiishusha hadi kiunoni na sauti haijapungua, basi. Ukisikia mwimbaji mmoja anajiitikia mwenyewe kwa sauti mbili, basi. Na wimbo unaoisha kwa kufifia polepole, hakuna binadamu anayemaliza wimbo kwa kufifia mbele za watu, hiyo ni rekodi. Mke wangu amenikataza kuyasema haya sebuleni.

Lakini nisimlaumu fundi kupita kiasi. Kwaya ya watu kumi na wanne kuimba laivu inataka maiki kadhaa, mtu wa kuchanganya sauti, na muda wa kupima kila chombo. Pale kikundi kinaingia huku kingine kinatoka. Plebaki ni flashi moja na kitufe kimoja. Na nje ni kugumu zaidi. Siku moja tuliimba kwenye mkutano viwanja vya Furahisha, spika kubwa ziko mbali nasi. Sauti hutembea kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo spika ikiwa mita 34 toka ulipo unajisikia umechelewa sehemu ya kumi ya sekunde. Ni kidogo, ila inatosha kuwagombanisha sauti ya kwanza na ya tatu.

Hata wakubwa wanajua hofu hiyo. Pavarotti, yule mwimbaji mkubwa wa opera wa Italia, mwaka 2006 kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya baridi kule Torino, alikuwa mgonjwa na baridi ilikuwa kali. Sauti ilirekodiwa mapema, na okestra nayo ikaigiza kupiga. Nilipolisoma hilo nililikumbuka gitaa langu, nikajisikia vizuri siku nzima.

Sasa, mwaliko wa pili. Nilimwomba fundi tuimbe laivu, akasema haiwezekani, lete flashi. Nikasema sawa. Sikusema flashi ya nini.

Wazo nililipata kwenye yale mashindano ya Ulaya ya nchi kwa nchi, Eurovision. Kule tangu 1999 hawana okestra, vyombo vinatoka kwenye rekodi, lakini mwimbaji mkuu lazima aimbe palepale. Nusu plebaki, nusu laivu. Nikaenda studio nyingine (si ya yule prodyuza, yeye simpi hela yangu tena) nikarekodi vyombo vitupu. Gharama ilikuwa laki na ushee, siikumbuki vizuri maana nililipa vipandevipande na kipande cha mwisho kilikuwa samaki. Flashi nilinunua mpya. Hapo usibane.

Tatizo likabaki maiki. Siku ya kwanza nilikuwa nimepeleleza: maiki ya kushika ilikuwa moja tu, ya mtangazaji. Nikamwendea mzee mmoja wa Nyakato aliyepiga muziki wa dansi ujanani. Alinicheka. "Ninyi watoto mkikosa maiki kumi mnasema mmeonewa. Sisi tulirekodi bendi nzima kwa mara moja, ukikosea mnarudia wote." Akaja mazoezini na chaki. Maiki ya kawaida ya kuimbia, alisema, inasikia upande mmoja, kwa hiyo msiizunguke; kaeni mbele yake kama kipande cha tikiti, na mgongo wake uelekee spika isije ikapiga filimbi. Wenye sauti kali nyuma, wenye sauti laini mbele. Yule binti mwembamba akawekwa shubiri moja toka kwenye maiki. Mzee wa besi alirudishwa nyuma hatua tatu, kisha nne, kisha akaambiwa asimame mlangoni. Alinuna wiki nzima. Wiki nne tuliimba na ufagio uliosimamishwa kwenye ndoo ya mchanga, ndiyo maiki yetu. Alama za chaki tulizipima kwa nyayo ili tukaziweke popote.

Siku yenyewe nilimkabidhi fundi flashi dakika za mwisho, kusudi. Tukajipanga, nikahesabu nyayo kimoyomoyo. Vyombo vikaanza. Nikamwona nyuma ya kioo anaongeza sauti. Anaongeza tena. Anaangalia waya. Akajitokeza mlangoni kwa kunyata: "Mwalimu, sauti hamna!"

"Zipo kwetu," nikamwambia. "Tupe maiki ya mtangazaji."

Sijawahi kuona mtu ananitazama vile, na nimewahi kudaiwa. Utangulizi niliufanya mrefu makusudi, karibu sekunde 40, ili apate muda wa kukasirika na muda wa kuleta maiki. Aliileta. Mtangazaji mwenyewe aliisimamisha kwenye stendi, nikamwonyesha kwa kidevu mgongo uelekee wapi.

Yule binti akaimba. Kwa sauti yake, ile ndogo, lakini iko shubiri moja toka kwenye maiki, ikajaa chumba. Hatukuwa safi. Sauti ya pili waliingia mapema ubeti wa pili, na mtu mmoja alikohoa, namjua, sitamtaja kwa kuwa ndiye mtunza hazina. Fundi alipomaliza kukasirika alinyoosha dole gumba nyuma ya kioo, kisha akalirudisha haraka.

Pale Bujora, kwenye Bulabo, sikukuu ya ngoma ya Wasukuma, makundi mawili ya wacheza ngoma, Bagika na Bagalu, yanashindana kuvutana watu. Watazamaji wanakimbilia wanakoona pamechangamka. Huko nani angetingisha mdomo? Nilikuwa nawaza hayo kwenye daladala, najiona shujaa, simu ikaita. Magu.

"Leo nimewasikia," mjomba akasema. "Mpaka kikohozi."

"Asante mjomba."

"Na naona safari hii gitaa umeliunganisha na umeme."

Nikasema ndiyo. Ule waya ulikuwa umefungwa kwenye mguu wa kiti.