Tiki moja
Oktoba 29, 2025 nilikuwa nimejifungia chumbani Nairobi, blanketi kichwani kuzuia mwangwi (ndiyo studio yangu, msicheke), nikimsubiri mgeni wa podikasti aliyeko Dar. Tulipanga tuzungumzie mtandao wa X (zamani Twitter), uliokuwa umefungwa Tanzania tangu Mei mwaka huo. Ujumbe wangu WhatsApp ukabaki na tiki moja. Dakika 10, saa nzima, tiki moja tu. Kumbe siku hiyo ya uchaguzi intaneti ilishazimwa kule. Nikampigia simu ya kawaida, sauti ikawa inakatikakatika, jogoo wa jirani naye anadakia. Nikarekodi hivyo hivyo, simu kwenye spika. Jogoo yumo kwenye kipindi na simtoi. Raha ya kujitegemea: hakuna mhariri wa kunifokea. Wala wa kunilipa.