Frasila Moja kutoka Kariakoo hadi Msasani

Jumamosi moja ya mwezi wa Julai, jua likiwa bado halijachomoza, nilimwomba muuza nafaka mmoja wa Kariakoo anipimie begi langu la mgongoni kwenye mizani yake. Ndani yake mlikuwa na mfuko wa mchele wa kilo 10, chupa tatu za maji za lita moja na nusu, na taulo niliyoikunja ili kuzuia mzigo usicheze. Mshale ulisimama kwenye kilo 15.9, na hapo nikaridhika, kwa maana kipimo nilichokuwa nakitafuta ni frasila moja, ambayo kwa hesabu ya wafanyabiashara wa zamani wa pwani ilikuwa pauni 35, yaani karibu kilo 16. Mpagazi wa misafara ya karne ya 19 alibeba karibu frasila mbili, na njia yake kutoka Ujiji hadi Bagamoyo ilikuwa na zaidi ya kilomita 1,000. Mimi nilikusudia kubeba nusu ya mzigo wake kwa zaidi kidogo ya kilomita 10, nikipita katikati ya jiji la Dar es Salaam na kufuata bahari mpaka Msasani, nyumbani kwa shangazi yangu, ambaye ndiye mwenye mchele.

Mazoezi ya kutembea na uzito mgongoni nilikuwa nimeyaanza mwezi wa Aprili kwa kilo sita tu, nikiongeza kilo moja au mbili kila baada ya wiki chache. Sikuanzia Kariakoo kwa sababu ya urahisi wa daladala. Nilianzia pale kwa sababu jina lenyewe ni la wapagazi. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwezi wa Septemba 1916, eneo hili lilifanywa kambi ya kikosi cha wachukuzi wa mizigo ya jeshi, kikosi ambacho kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, na midomo yetu ikalilainisha neno hilo mpaka likawa Kariakoo. Nairobi nako wana Kariokor yao, iliyozaliwa kwa namna hiyo hiyo. Makumi ya maelfu ya wachukuzi wa vita vile, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, hawakurudi makwao, na waliokufa kwa kuhara, homa na njaa walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Kila siku watu wanasema wanakwenda Kariakoo kununua viatu au vitenge, na mimi nimelitamka jina hilo tangu utotoni, lakini nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba nilikuwa nikiwataja watu.

Karibu na jengo la soko, lile lililobuniwa na msanifu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, ambalo paa lake la miavuli ya zege lilikusudiwa kukinga maji ya mvua na kupitisha hewa, nilimkuta mzee mmoja ameketi juu ya mkokoteni wake akinywa chai, ngata yake ya kitambaa ikiwa magotini. Nilimwamkia shikamoo, naye akaniitikia marahaba huku macho yake yakiwa kwenye begi.

"Unasafiri, mwanangu?"

"Hapana, mzee wangu. Natembea kwa miguu mpaka Msasani."

"Na humo umeweka nini?"

Nilipomwambia ni mchele na maji, aliniambia nigeuke, akaupima mzigo kwa kuuinua kutoka chini kwa viganja viwili. Alisema mchele umekaa chini mno, kwamba utanivuta nyuma na kuniumiza kiuno kabla sijafika Posta, na kwamba kitu kizito hukaa juu, kati ya mabega, kikigusa mgongo. Tuliufungua mzigo pale pale. Taulo tuliiweka chini, mchele ukapanda juu yake ukiegemea mgongo, na chupa zikawekwa upande wa nje. Kisha akaikaza mikanda mwenyewe na kuniagiza nipige hatua fupi na nisikae kitako njiani ovyo, kwa sababu kusimama tena na mzigo kunamaliza nguvu kuliko kutembea. Nilimshukuru sana. Miezi mitatu ya mazoezi haikuwa imenifundisha nilichofundishwa katika dakika zile tano.

Kutoka kwenye kitovu cha Kariakoo mtu hatembei, anapenya. Kelele za "pisha mzigo!" zilitoka mbele na nyuma, maguta yaliyosheheni marobota ya nguo yalisukumwa kwa mabega, na vijana waliobeba maboksi kichwani walinipita kwa mwendo wa nusu mbio. Kwa mara ya kwanza katika mitaa ile watu walinipisha pia, kwa kuwa mwenye mzigo ana haki yake ya njia Kariakoo, hata kama hana haraka. Mmoja wa mitaa ya hapo unaitwa Nyamwezi. Sidhani kama kuna jina linalostahili zaidi kuwekwa katika mtaa huu wa wachukuzi, kwa maana Wanyamwezi ndio waliokuwa mabingwa wa kazi ya upagazi katika njia ile ya misafara ya Ujiji na Bagamoyo, wakaifanya kuwa fahari ya kijana anayetaka kuonekana mtu mzima kwao.

Barabara ya Uhuru ilinipitisha Mnazi Mmoja, penye mnara wa Mwenge wa Uhuru, hadi Mnara wa Saa, uliojengwa mwaka 1961 Dar es Salaam ilipopewa hadhi ya jiji. Hapo nikaingia Barabara ya Samora. Uzito ulikuwa umeanza kunifunza barabara upya. Mtu asiye na mzigo huruka mfereji ulio wazi bila kuufikiria, lakini mwenye kilo 16 mgongoni huutazama kwanza, huchagua mguu wa kutangulia, na hujua ni kingo gani ya njia iliyo juu kuliko nyingine kwa upana wa kiganja. Nilivitambua vivuli vyote vya Samora kimoja kimoja. Niliona pia ni wapi njia ya waendao kwa miguu imegeuzwa maegesho ya magari, na kila mara niliposhushwa barabarani kwa sababu hiyo nilimfikiria mama mwenye ndoo kichwani na mtoto mgongoni, ambaye naye hushushwa barabarani kila siku.

Penye Sanamu ya Askari nilikaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote, nikiwa nimesimama, kama mzee alivyoniagiza. Kabla ya vita hapo palikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani, ambayo Waingereza waliiondoa. Huyu askari wa shaba, aliyewekwa mwaka 1927, ameinama mbele na bunduki yake kana kwamba anasikia kitu upande wa bandari. Maandishi yaliyo chini yake, kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, yanawataja wapagazi pia, na kusema kwamba wao walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Nimepita mahali hapo mara zisizohesabika, na siku zote nilimtazama wa juu tu. Nairobi, kwenye Barabara ya Kenyatta, mpagazi amechongwa akisimama pamoja na askari, na naona ndivyo ilivyostahili kuwa hapa kwetu, katika jiji lililo na mtaa mzima wenye jina la wapagazi. Mikanda ilikuwa inanikata mabegani. Niliyasoma maandishi yale mara mbili, kisha nikashuka kuelekea baharini.

Mbele ya kanisa la Azania Front, ambalo Wajerumani walilikamilisha mwaka 1902, upepo wa kusi ulinipokea. Nilifuata Kivukoni hadi Feri, ambako pantoni ilikuwa inateremsha watu wa Kigamboni na matenga ya samaki yalikuwa yanapandishwa kutoka kwenye majahazi na ngalawa, maji yakiwachuruzika wachukuzi hadi visiginoni. Baada ya hapo ilikuwa njia ya ufukweni tu, Barabara ya Barack Obama, ambayo wengi bado tunaiita Ocean Road, na hospitali ile ya zamani ambayo leo ni taasisi ya kutibu saratani. Wagonjwa kadhaa walikuwa wameketi chini ya miti na ndugu zao. Nilipunguza mwendo hapo.

Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022, lina urefu wa zaidi ya kilomita moja, na kwa anayelivuka kwa gari ni tambarare. Miguu yangu iliniambia vingine. Jua lilikuwa limepanda, hakuna mti wala ukuta juu ya maji, na nilitembea nikihesabu nguzo za taa, nikijiruhusu kunywa maji kila baada ya nguzo kumi. Kwenye ufukwe wa Coco nilinunua mihogo ya kukaanga yenye pilipili nyingi, nikaila nimeegemea mnazi, begi likiwa mgongoni.

Shangazi alinifungulia geti saa nne kasoro. Nilikuwa nimekunywa chupa mbili na nusu, kwa hiyo mzigo haukuwa tena frasila kamili, nikamweleza hivyo kwa kuwa nilitaka hesabu iwe ya kweli. Alinipa pole, akanisaidia kuvua mikanda, akaona alama nyekundu mabegani na kuzigusa kwa vidole. Kisha akauchomoa mfuko wa mchele kutoka kwenye begi, akajitwisha kichwani, akauachia mkono, akaelekea jikoni huku akiniuliza kama nitakula ugali au wali.