Nilivyoandika Historia ya Kanisa la Parokia Yetu kwa Kusoma Kuta Zake

Kamati ya jubilei ya parokia yetu, iliyoko nje kidogo ya jiji la Dodoma, iliponikabidhi kazi ya kuandika historia ya kanisa, nilidhani wiki mbili zingetosha. Nilikuwa na jiwe la msingi ambalo maandishi yake yamelika hata mwaka hausomeki, pamoja na simulizi iliyorudiwa na kila mtu, kwamba padri mmoja Mwitaliano alilijenga kanisa lote kwa mkupuo mmoja. Kazi ilinichukua miezi minne, na simulizi hiyo haikubaki.

Nilianza na yanayojulikana. Wamisionari wa Roho Mtakatifu, waliofika Bagamoyo mwaka 1868, ndio waliotangulia huku bara. Wapasionisti, shirika la mapadri kutoka Italia, wakaja miaka ya 1930, Prefektura ya Kitume ya Dodoma, yaani eneo la misheni ambalo bado si jimbo, ikaundwa mwaka 1935, ikawa jimbo mwaka 1953 na jimbo kuu mwaka 2014. Nembo ya Wapasionisti, yaani moyo wenye msalaba juu yake, imechongwa juu ya mlango wetu mkuu, nami nikahitimisha kwa furaha kwamba kanisa haliwezi kuwa la kabla yao.

Kisha nikaomba vitabu vya ubatizo. Paroko alikubali kwa sharti kwamba nisomee ofisini na nisinakili jina la mtu yeyote, sharti la haki kabisa, kwa kuwa vitabu hivyo hubeba habari za watu ambao wajukuu wao tunasali nao. Vile vya zamani vimeandikwa kwa Kilatini, lugha ambayo sikuisoma. Padri mmoja mstaafu alinifundisha maneno kama kumi, likiwamo "natus" kwa aliyezaliwa, "patrinus" kwa msimamizi, na "in periculo mortis" kwa aliyebatizwa akiwa katika hatari ya kufa. Na kwa kuwa kila ukurasa hurudia maneno yale yale, kumi yalitosha. Ujenzi haukutajwa popote. Hata hivyo niliona idadi ya watu wazima waliobatizwa usiku wa Pasaka ikipanda ghafla kwa miaka mitatu mfululizo, nikabaki najiuliza watu wote hao walikaa wapi.

Hapo ndipo nilipomwita fundi mwashi wa jumuiya yetu, akaja na futi kamba na timazi. Upande wa altare madirisha yana matao ya matofali ya kuchoma, kazi ya mtu aliyejenga bila linta ya zege, yaani boriti inayobeba ukuta juu ya dirisha: tao husukuma uzito wa ukuta pembeni, ndiyo maana nguzo zilizo kati ya madirisha hayo ni nene kupita kiasi. Upande wa mlango mkuu madirisha yana linta bapa za zege. Fundi aligonga lipu pale pande hizo zinapokutana, na sauti ikabadilika. Kwenye sehemu iliyobanduka tuliona mstari ulionyooka kutoka juu hadi chini, ambapo matofali ya upande mmoja hayakuumana na ya upande wa pili. Nilifurahi mapema. Fundi akaniambia kwamba ukuta ukipasuka hukatwa na kujengwa upya, na madirisha hubadilishwa, kwa hiyo mstari ule haukuthibitisha upanuzi.

Kilichonisaidia ni misalaba. Kanisa linapotabarukiwa, yaani kuwekwa wakfu, askofu hupaka kuta zake krisma, mafuta matakatifu, kwa desturi mahali 12, na kila mahali huwekwa alama ya msalaba. Nimekaa chini ya misalaba hiyo tangu utoto bila kuihesabu. Yote 12 iko upande wa matao, na upande wa linta hauna hata mmoja. Kama kanisa lingekuwa na urefu huu siku ya kutabarukiwa, misalaba ingeenea hadi mlangoni. Kwa hiyo sehemu ile iliongezwa baadaye. Pamoja nayo hoja yangu ya kwanza ilianguka, kwa sababu nembo ya Wapasionisti iko katika sehemu mpya na haitoi ushahidi wowote juu ya umri wa ile ya zamani.

Kuhusu altare sikupata shida, kwa kuwa sakafu bado ina alama ya ngazi za altare ya zamani iliyogusa ukuta, kabla haijasogezwa mbele baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano wa mwaka 1962 hadi 1965, ili padri awatazame waamini.

Rasimu nilimpelekea kwanza katekista mstaafu, ambaye sote humwita Mwalimu. Alisoma taratibu, akafika kwenye misalaba, akavua miwani.

"Mwanangu, hii misalaba tulikatazwa kuipaka chokaa tulipokuwa tunapaka ukuta mpya."

"Mwalimu, mbona hukuniambia siku ile ya kwanza?"

"Uliniuliza nani alijenga. Hukuniuliza nani alipaka chokaa."