Kutoka Kariakoo hadi Kamalondo

Barabara ya kutoka Dar es Salaam hadi Lubumbashi, mji wa shaba kusini mwa Kongo, ina urefu wa karibu kilomita 2,000, na kwa sehemu kubwa ya urefu huo msafiri hana la kufanya ila kutazama malori. Yanakwenda na mafuta, mashine na bidhaa za madukani, yanarudi na vibao vya shaba vilivyofungwa kwa mikanda ya chuma. Nilipita Tunduma, nikavuka Zambia kwa kubadilisha mabasi, nikafika Kasumbalesa, mpaka ambao foleni yake inajulikana kwa kila dereva wa masafa marefu. Hapo nilipata muhuri wangu, nikaingia katika gari dogo la abiria, na jioni tulikuwa mjini.

Sikuwa nimekwenda kuona migodi. Mimi ni mtoto wa Kariakoo, mtaa ambao nyumba zake za Kiswahili, zenye vyumba sita, ukumbi katikati na uani nyuma, zimetoweka karibu zote mbele ya macho ya kizazi changu, na mahali pake pakasimama maghorofa yenye maduka chini. Nilitaka kuuona mji mwingine unaozungumza Kiswahili, uliopangwa na wakoloni kwa nia ileile, lakini ambao bado unaishi chini ya mabati na kivuli cha miembe.

Mpango wenyewe hauhitaji kuelezwa mara mbili kwa mtu wa Dar es Salaam. Reli kutoka kusini ilifika mwaka 1910, mwaka ambao Wabelgiji waliuanzisha mji na kuuita Élisabethville kwa heshima ya malkia wao. Mwaka uliofuata tanuri la kampuni ya Union Minière likatoa shaba yake ya kwanza. Wazungu wakajitengea mitaa iliyonyooka kama rula, yenye mijakaranda kandokando, na Waafrika wakapelekwa upande wa pili wa ukanda mtupu ulioachwa makusudi ili jamii hizo mbili zisilale karibu. Kwetu kazi hiyo ilifanywa na uwanja wa Mnazi Mmoja. Jina la Lubumbashi lilikuja mwaka 1966, na ukanda ule umekwisha kujengwa, ila mtu anayeuvuka kwa miguu anahisi bado kwamba ametoka mji mmoja na kuingia mwingine.

Mwenyeji wangu, mzee aliyestaafu kazi katika Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi migodi ya Union Minière, alinipeleka siku iliyofuata Kamalondo, mtaa wa Waafrika ulio mkongwe kuliko yote iliyosalia. Tulipanda basi dogo ambalo kondakta wake alikuwa akiita “Kenya! Kenya!” kwa sauti ya kuniogopesha kidogo, mpaka nikakumbuka kwamba huku Kenya ni wilaya ya mji, jirani na Kamalondo, na nauli yake ni ya mtu wa kawaida.

Nyumba za Kamalondo ni za chini, za matofali. Nyingi zimejengwa kwa matofali yaliyochomwa kutokana na udongo wa vichuguu, kwa kuwa eneo hili la Katanga lina vichuguu vinavyoweza kuishinda nyumba kwa urefu, na udongo wake unashikamana vizuri. Lakini mzee hakutaka niangalie nyumba. Alinishika mkono akaniingiza nyuma, katika lupango, yaani kiwanja kizima pamoja na vyote vilivyomo, akaniambia kwamba aliyeona nyumba bila kuona lupango hajaona kitu. Na kweli, mambo yote yalikuwa kule: mbabula mbili, yaani majiko, zinawaka makaa, sufuria ya sombe, kisamvu chetu, juu ya mojawapo, mwembe mkubwa ambao chini yake kulikuwa na viti vya kila aina, choo pembeni, na kandokando ya ukuta vyumba vinne vya wapangaji ambao kodi yao ndiyo iliyosomesha watoto wa nyumba hiyo wakati mishahara ya kampuni ilipokatika. Kule ndiko msichana anakoposwa, na matanga yakitokea ndiko watu wanakolala siku kadhaa, wanawake upande mmoja, wanaume upande mwingine, bila mtu kuulizwa amealikwa na nani.

“Batoto bangu bote balizaliwa umu,” alisema mzee, kisha akanyoosha kidole kuelekea jengo jipya la ghorofa tatu lililokuwa likichungulia juu ya ukuta wa jirani. “Sasa mutu anaikala kule juu, hajue jina ya jirani.”

Jengo lile lilikuwa limekimeza kiwanja chote, kutoka barabarani hadi ukuta wa nyuma. Hilo ndilo badiliko nililoliona tena na tena katika mtaa ule na katika Kenya: nyumba ya zamani inaweza kubaki imesimama, lakini uani unajazwa vyumba vya matofali ya saruji hadi tone la mvua linakosa pa kuangukia, na ua wa miti uliokuwa ukimruhusu mpita njia kusalimia unageuka ukuta mrefu wenye lango la chuma. Matanga sasa yanahamia barabarani chini ya turubai la kukodi.

Nilikuwa tayari kuulaumu uwanja wa TP Mazembe, uliofunguliwa mwaka 2011 katikati ya Kamalondo na wenye nafasi za watazamaji wapatao 18,500, kwa kuwa mtaa mdogo ukipewa kitu kikubwa namna hiyo mara nyingi hulemewa. Mzee alinikatalia. Klabu ni ya tangu 1939, alisema, ilianzishwa na mapadri Wabenediktini, na ni ya watu wa hapa. Siku ya mechi kila mwenye lupango anauza chakula na vinywaji. Nadhani yuko sahihi. Uwanja unawaleta watu na kuwarudisha makwao, lakini mnunuzi wa kiwanja haji ili aondoke.

Wanunuzi hao wanatoka wapi? Jibu liko kwenye bomba la moshi la kiwanda cha shaba, lenye urefu wa mita 153, na kwenye mlima mweusi wa mabaki ya tanuri ulio kando yake, ambao wenyewe umekuwa ukiyeyushwa upya kwa ajili ya kobalti. Kwa miongo mingi kampuni ndiyo iliyojenga makazi ya wafanyakazi, ikawapa posho ya unga, shule na hospitali, hata watu wakasema kwamba ni baba na ni mama. Mwaka 2003, kwa mpango ulioungwa mkono na Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kwa kile kilichoitwa hiari. Fedha za madini zilirudi baadaye kupitia kampuni binafsi na wageni, ila hazikurudi kwa sura ya posho. Zilirudi kwa sura ya mtu anayegonga lango akiuliza bei, na mstaafu mwenye deni la hospitali hana nguvu ya kubishana naye sana.

Utalii nao upo, ingawa ni mdogo. Tangu 2008 kuna Biennale ya Lubumbashi, maonyesho ya sanaa ya kila miaka miwili, inayoleta wasanii na wageni kutoka mbali. Kuna jumba la makumbusho, kuna sifa ya wachoraji wa Hangar, karakana iliyoanzishwa mwaka 1946 na kumtoa mchoraji Pilipili Mulongoy, na kuna vijana wanaouza shanga na sanamu za malakiti, jiwe la kijani lenye shaba. Nilikutana na kikundi cha wageni wakipiga picha majengo ya Kibelgiji ya katikati ya mji, na niliwaelewa, maana yanapendeza. Lakini kinachohesabiwa kuwa urithi ni kuta za waliowatenga wenzao, na uani wa waliotengwa hauna kibao.

Usiku ule tulikula bukari, yaani ugali, kwa sombe na dagaa wa kapenta, chini ya mwembe, umeme ukiwa umekatika. Mzee aliniuliza kama ni kweli kwamba ghorofa lilianguka Kariakoo. Nilimwambia ni kweli, Novemba 2024, na watu zaidi ya 20 walikufa. Akauliza tena wenye viwanja kwetu walipataje maghorofa wakati hawakuwa na fedha. Nikamweleza ubia wetu: mwenye kiwanja anatoa ardhi, tajiri anajenga, na wanagawana, pengine mwenyeji akipewa sakafu moja ya kuishi huku maduka yakibaki mikononi mwa tajiri kwa miaka waliyoandikiana.

“Na mwembe wanauweka gorofa ya ngapi, baba?” aliuliza mama mwenye nyumba, ambaye hadi wakati huo alikuwa kimya akipepea mbabula.

Mzee hakucheka. Alitaka kujua miaka hiyo ya mkataba huwa mingapi.