Kutoka hezi 52 hadi 35: siku yangu karakanani Unga Limited, Arusha

Saa 1 asubuhi. Ukungu haujaondoka na baridi ya Julai inauma vidole. Dogo ninayemfundisha kazi ameshafagia vumbi la mbao za jana. Tunakunywa chai na chapati kwa mama ntilie, kisha tunafungua boksi la sabufa, spika ya besi, lililotoka kwenye gari aina ya Noah ya mzee mmoja wa Ngarenaro. Jana aliniambia: "Kijana wangu, wimbo wowote nikiweka, besi inalia mlio uleule."

Saa 2. Napima. Ndani lita 45 hivi, bomba la kupumulia hewa la inchi 4 lenye urefu wa sentimita 12. Kwa hesabu, boksi limetuniwa hezi 52, yaani hewa yake hupenda kutetema mara 52 kwa sekunde. Kelele yote inarundikana hapo. Chini yake, hewa ya boksi haiishiki tena koni (ule uso wa sabufa unaosukuma hewa), inarushwa mbele na nyuma hadi koili ya nyuma yake inagonga. Sabufa yenyewe ni nzima. Huwa naumia sana nikiona mtu amejinyima akanunua sabufa nzuri, halafu ikafungwa kwenye boksi lililokatwa kwa kukadiria kwa macho.

Saa 3. Kalamu na karatasi. Natazama Fs (hezi ambazo sabufa hupenda kutetema ikiwa nje ya boksi), Qts (jinsi mtetemo wake unavyozuiwa) na Vas (lita za hewa zenye ulaini sawa na wa koni yake), vipimo vinavyobeba majina ya wahandisi Thiele na Small. Neville Thiele aliandika kuhusu maboksi ya matundu huko Australia mwaka 1961, na mpaka leo hesabu zake ndizo ninazotumia hapa. Kwa boksi jipya nachagua lita 55, tuni ya hezi 35. Hizo 55 ni hewa tupu, kwa hiyo naongeza nafasi itakayoliwa na sumaku, bomba na mbao za kuimarisha: ndani liwe sentimita 60 kwa 34.5 kwa 30, yaani lita 62. Bomba linatakiwa sentimita 28 hivi. Nakata 32. Dogo anauliza, "Kaka, mbona umezidisha?" Namwambia bomba refu linapunguzwa, fupi unalitupa.

Saa 4 hadi saa 7 ni msumeno, MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) ya milimita 18, gundi na skrubu, na silikoni kila pembe, maana boksi likivuja hesabu zote zimeharibika. Bomba nalipitisha ubavuni, mdomo wake wa ndani ukae mbali na ukuta angalau kwa upana wa bomba lenyewe. Ukiusogeza karibu zaidi, tuni inashuka bila wewe kukusudia.

Makande, haraka.

Saa 9 alasiri. Saa ninayoipenda kuliko zote. Simu inatoa mlio mmoja mmoja kupitia amplifaya, sauti ndogo, rizista ya omu 10 imeunganishwa mfululizo na sabufa, mita inasoma volti za rizista. Napandisha hezi taratibu: volti zinashuka, zinapanda, zinashuka tena. Kile kilele cha katikati ndiyo tuni ya boksi. Nasoma 33. Natoa sentimita 2, inakuwa 34. Natoa 2 nyingine, kilele kinakaa 35. Namwita dogo aangalie koni: kwenye 35 karibu imetulia, huku bomba linapumua hadi karatasi mbele yake inapepea. Anacheka kwa furaha. Nilifurahi vilevile siku niliyoiona mara ya kwanza.

Saa 11 jioni. Mzee anakuja. Shikamoo, marahaba, tunafunga boksi. Kwenye amplifaya naweka kichujio cha kuzuia sauti zilizo chini ya hezi 30, koni isitupwe ovyo chini ya tuni. Tunaendesha kuelekea Njiro, anaweka dansi la zamani, naye anakaa kimya. Karibu na mzunguko anainua kidole: "Sikia, gitaa la besi linatembea!" Kweli, kila noti imesimama peke yake.

Kitu pekee kinachotetema ni kibao cha namba nyuma. Kesho nakibandikia sponji.