Uzoefu wangu: kuongoza asasi za elimu na vijana bila mishahara kukwama

Kwa mkurugenzi wa asasi, salio la benki ndiyo namba inayopotosha kuliko zote. Akaunti inasoma 100 na bodi imetulia, kumbe 82 ni ruzuku ya mradi wenye masharti yake, 7 ni makato ya wafanyakazi ya kodi na hifadhi ya jamii yanayosubiri kuwasilishwa, na 11 tu ndizo za kuendeshea ofisi. Kama ofisi inatumia 4 kwa mwezi kutoka kwenye fedha hizo zisizo na masharti, asasi haina hata miezi mitatu mbele yake.

Kwa hiyo kila Ijumaa nilipokea karatasi moja kutoka kwa mhasibu, yenye safu nne: salio, fedha za masharti, madeni, na fedha huru. Chini yake zilipangwa wiki 13 zijazo, kila wiki na kinachoingia na kinachotoka. Ruzuku ilionekana humo baada tu ya mkataba kusainiwa, tena niliiandika wiki nne baada ya tarehe iliyotajwa, maana malipo ya awamu huchelewa. Ahadi ya mdomo haikuandikwa kabisa, hata ikitoka kwa mfadhili wa miaka mingi.

Madhara makubwa huanza kwa nia njema. Awamu ya pili imechelewa, siku ya mishahara imefika, basi mkurugenzi anaazima kwenye mradi mwingine. Mwezi unaofuata anaazima tena ili kufidia. Mkaguzi wa hesabu akija, gharama zinakataliwa na mfadhili anadai arudishiwe fedha zake. Ukifuatilia chanzo, mara nyingi utaishia ndani ya asasi yenyewe: awamu imechelewa kwa sababu ripoti imechelewa, na ripoti imechelewa kwa sababu stakabadhi za masurufu, yaani fedha anazokabidhiwa mfanyakazi kwa kazi fulani kisha azitolee hesabu, bado ziko kwenye mkoba wa mtu aliyeko fildi. Nilichosimamia ni masurufu kurejeshwa ndani ya siku 7 baada ya kazi, na asiyerejesha hapewi mengine, mkurugenzi akiwemo. Kila malipo ya mafunzo yalibanwa pamoja: idhini, hati ya malipo, stakabadhi, na orodha ya mahudhurio yenye saini za washiriki wenyewe. Orodha ambayo saini zote zina mwandiko mmoja nilikuwa nairudisha siku hiyohiyo.

Jambo la pili ni gharama kamili ya mradi. Tuseme walimu, vitabu na usafiri ni 100. Kuna pia kodi ya pango, mhasibu, ukaguzi, umeme na muda wa mkurugenzi, ambavyo kwa mradi huo vinafika 22. Mfadhili akikubali 10 tu, kila mradi mpya unafungua pengo la 12. Ndiyo maana asasi inaweza kukua kwa kasi na kufilisika mwaka huohuo. Nilikuwa nagawa gharama za pamoja kwa idadi ya wafanyakazi wa kila mradi, njia rahisi ambayo mkaguzi anaielewa, na nikihamishia kwenye gharama za moja kwa moja kila kinachothibitika: siku za mhasibu kwenye mradi huo, kwa mfano, zikiwa na karatasi ya saa alizofanya kazi. Mwaka 2024 serikali ya Marekani ilipandisha kiwango cha gharama za uendeshaji ambacho mpokeaji ruzuku asiye na kiwango chake alichokubaliana na serikali hiyo anaweza kudai, kutoka asilimia 10 hadi 15. Inasaidia, lakini haifiki 22. Zipo ruzuku nilizozikataa kwa hesabu hiyo, na bado naamini ilikuwa sahihi.

Wengi hukimbilia biashara ya kijamii, yaani biashara ambayo faida yake inaingia kwenye kazi za asasi, wakitumaini itaziba pengo hilo. Inaweza: BRAC, asasi ya maendeleo iliyoanzishwa na Fazle Hasan Abed nchini Bangladesh mwaka 1972, ina biashara zake, yakiwemo maduka ya Aarong tangu 1978, na faida yake huchangia kazi za maendeleo. Sharti lake ni kutenganisha gharama mbili. Chukua karakana ya useremala inayofundisha vijana. Kuna gharama ambayo karakana yoyote ingebeba: mbao, gundi, umeme, mishahara ya mafundi. Halafu kuna gharama ya kufundisha. Kijana aliyeanza juzi anakata ubao sentimita mbili pungufu, na mguu wa meza umekwisha kuharibika. Kiti anachokitengeneza kwa siku tatu, fundi angekimaliza kwa siku moja. Msimamizi mmoja anatosha vijana watano hivi. Ukimpa kumi, mashine zinaanza kukata vidole. Gharama hii ya kufundisha nilikuwa naiandika kwenye daftari la peke yake, kwa kila kijana, na nikiiombea ruzuku waziwazi. Ukizichanganya, utapandisha bei mpaka wateja wakukimbie, au utafunga karakana yenye afya ukidhani inakula hasara.

Kuna mtego mwingine humo, na huu ndio ulionisumbua zaidi. Mwezi wa sita wa mafunzo kijana ameiva, kazi yake inauzika, na msimamizi hataki aondoke. Akibaki, mauzo yanapanda na nafasi ya kijana mwingine inapotea. Dawa ni tarehe ya kuhitimu kuandikwa kwenye mkataba tangu siku ya kwanza, miezi 9 kwa mfano, na msimamizi kupimwa kwa wahitimu waliopata kazi badala ya mauzo peke yake. Angalia pia wateja wakubwa: taasisi hulipa baada ya siku 60 au 90, wakati muuza mbao anataka fedha leo. Tulidai nusu ya malipo kabla ya kuanza, na oda iliyozidi mtaji wetu tuliigawa kwa awamu.

Mfadhili akiuliza kilichobadilika, idadi ya waliohudhuria haijibu swali. Kwenye kusoma, kipimo ninachokiamini ni kile kilichoenezwa na asasi ya elimu ya Pratham ya India kupitia ASER, utafiti wake wa kupima watoto majumbani, tangu 2005, na baadaye tathmini kama hiyo ya Uwezo katika Kenya, Tanzania na Uganda: mtoto mmoja, mtu mzima mmoja, karatasi moja. Herufi, maneno, aya, hadithi. Mtoto anasoma kwa sauti na unaandika ngazi ya juu aliyoimudu. Ni dakika chache tu. Halafu unawapanga kwa ngazi, bila kujali darasa, na unarudia kipimo baada ya wiki kadhaa. Asipime mwalimu wa kundi hilohilo. Atamsaidia mtoto kwa macho bila kujijua.

Kwa vijana waliohitimu tulipiga simu mwezi wa tatu na wa sita baada ya kuhitimu. Vijana hubadilisha namba, hivyo siku ya kujiandikisha tulichukua pia namba mbili za ndugu. Asiyepatikana tulimhesabu kuwa hana kazi. Asilimia inashuka, lakini haimdanganyi mtu.

Ulinzi wa watoto usisubiri ruzuku yake. Wadhamini wa mwombaji kazi wapigiwe simu, barua pekee haitoshi. Mtu mzima asibaki peke yake na mtoto kwenye chumba kilichofungwa. Na awepo mtu mmoja anayejulikana kwa jina, ambaye watoto wenyewe wanajua pa kumpata, wa kupokea taarifa siku hiyohiyo.

Ukikaribia kukabidhi uongozi, anza na benki. Kubadilisha watia saini kunahitaji kikao cha bodi, muhtasari uliosainiwa na nyaraka za usajili zisizopitwa na wakati, na benki inaweza kuchukua wiki kadhaa. Mrithi aingie kwenye orodha kabla wewe hujatoka, la sivyo siku ya mishahara itafika na hakuna mwenye saini inayokubalika.