Mguu wa Kitunguu

Jana mjukuu wangu aliniuliza kwa nini ninanusa chakula cha kuku. Bibi yake alikuwa amemwagia pumba za ngano maji moto, kama afanyavyo kila Julai baridi ikikaza, nami nilikuwa nimeinamia ile ndoo, mvuke unanipiga usoni. Nikamwambia naangalia kama zimeiva. Pumba haziivi. Lakini mtoto wa miaka sita ningemwanzia wapi habari za Kitunguu?

Jina la mbio alikuwa nalo, refu, la Kizungu, limeandikwa kwenye karatasi zake. Sisi masaisi, watunza farasi, tulimwita Kitunguu kwa rangi yake, ile ya ganda la kitunguu chekundu lililokauka. Farasi jike wa miaka miwili, amerefuka ghafla kama mvulana wa darasa la nane, mifupa mingi nyama kidogo. Miguu ya nyuma ilikuwa imenyooka wima kama ya meza. Wageni wakija tulikuwa tunawaonyesha miguu hiyo kwa majivuno.

Ilikuwa Limuru, mwishoni mwa 1997, mvua za El Niño. Aliyekuwepo hahitaji kuelezwa. Malisho yaligeuka tope la kufika kwenye muundi, na pamoja na maji wakaja usubi, wale wadudu wadogo kuliko mbu wanaobeba ugonjwa wa farasi wa Afrika. Farasi wetu walikuwa wamechanjwa, lakini nyapara wetu hakuiamini sindano kama alivyouamini mlango. Usubi hupenda machweo na alfajiri. Basi saa kumi jioni farasi wote ndani, na hakuna anayetoka mpaka saa tatu asubuhi, jua likiwa limepanda. Hizo ni saa kumi na saba za kusimama. Mvua ikishinda inanyesha, zinakuwa ishirini na nne. Hesabu hiyo hakuna aliyeipiga.

Jumanne moja Kitunguu akatoka akichechemea mguu wa nyuma wa kushoto. Hakuwa na uvimbe wala jeraha. Farasi akichechemea bila sababu unayoiona, unaanzia ukwatoni, kwa kuwa mara nyingi ni usaha uliojificha ndani. Unaweka kiganja juu ya ukwato mmoja kisha wa pili kulinganisha joto. Unatafuta mshipa unaopita pande mbili za kifundo cha chini: kwa farasi mzima unaupapasa usiusikie vizuri, penye usaha unagonga kidole. Halafu unaminya kwa koleo ya kwato, kidogo kidogo, ukizunguka ukingo wote. Joto lilikuwa sawa na mshipa ulikuwa kimya. Kwenye koleo alishtuka mara moja, mahali pamoja, na sisi tukang'ang'ania mshtuko huo. Sasa ninajua kwamba farasi wa miaka miwili hushtuka hata nzi akitua.

Tukambandika pumba. Vikombe vinne vya pumba za ngano, kikombe kimoja cha chumvi ya haluli, maji ya moto ambayo mgongo wa mkono unayavumilia, unakoroga mpaka ishikane kama ugali mlaini. Unaijaza kwenye kipande cha gunia, unauzamisha ukwato humo, juu yake mfuko wa plastiki, kisha unafunga kwa mpira wa tyubu, usikaze juu ya kifundo maana utazuia damu na kuzua ugonjwa mwingine. Asubuhi unabadilisha, jioni unabadilisha. Siku nne. Na muda wote huo, bila shaka, apumzike. Tulimfungia ndani, tukamwekea nyasi kavu za kulalia zinazofika magotini, tukamhurumia. Mimi nilikuwa namletea karoti.

Usaha haukutoka hata tone. Siku ya tano akatembea vizuri na sote tukazisifu pumba. Siku ya sita akatoka akakimbia, akawarushia wenzake matope. Siku ya saba mvua ilinyesha kutwa, hakutoka. Siku ya nane akachechemea.

Hapo kila mtu akawa daktari. Mmoja alisema ni kiuno, mwingine akasema nyoka. Mpishi, ambaye hakuwahi kumshika farasi, alisema kuna mtu ametupa kitu mlangoni. Daktari wa mifugo aliitwa kwa simu, akafika siku ya tisa saa sita mchana gari limejaa tope jekundu mpaka vioo. Kufikia saa hiyo tulikuwa tumemtembeza Kitunguu tangu saa tatu, tusije tukaonekana wavivu. Daktari akamminya kwato, akamkimbiza kwa matiti, ule mwendo wa mbio ndogo, kwenye changarawe kwenda na kurudi, akamkunja mguu wa nyuma juu kwa dakika moja kisha akaamuru akimbie tena. Hakuna kitu. Umewahi kupeleka gari kwa fundi na kelele ikapotea ukifika gereji? Ndivyo tulivyosimama, vichwa chini. Daktari alituambia farasi yule ni mzima, tumpumzishe siku chache zaidi kwa usalama.

Tukampumzisha.

Siku ya kumi na mbili niliamka kabla ya saa kumi na mbili. Ukungu wa Limuru ulikuwa umeingia mpaka kwenye korido ya mabanda. Tochi ilikuwa inamulika weupe tu. Nikasikia Kitunguu anagonga ukuta kwa kifua. Nikafungua mlango nimtazame. Akataka kutoka. Miguu ya mbele ikapiga hatua, mmoja, wa pili. Wa nyuma wa kulia ukafuata. Wa kushoto ukabaki.

Haukubaki kama mguu unaouma, ambao mnyama huunyanyua na kuubembeleza. Ulibaki nyuma umenyooka kama mchi, goti halikunji, kisigino hakikunji, na ncha ya ukwato imepinda kuelekea nyuma inachora mstari kwenye saruji. Krrr. Akavuta tena. Krrr. Mwili mzima ulikuwa unatetemeka isipokuwa mguu huo, ambao ulikuwa umetulia kama si wake. Pua zimepanuka, jicho weupe mtupu, na hakutoa sauti yoyote. Nilipita ubavuni nikaweka mkono juu kabisa ya mguu, pale ngozi ya paja inapokutana na tumbo, maana goti la nyuma la farasi liko huko juu. Kile ambacho watu wengi hukiita goti, kilichochongoka kati ya mguu, ndicho kisigino. Pia ya goti ilikuwa imepanda juu, ngumu kama jiwe chini ya ngozi. Chini yake, upande wa ndani, kano imekazwa kama kamba ya kuanikia nguo zilizolowa. Nikaanza kumvuta kwa hatamu aje mbele.

"Usimvute," nyapara alisema nyuma yangu. Sijui alikuwa amefika saa ngapi. "Mrudishe kinyumenyume. Na wewe toka hapo nyuma, kijana, mguu huo ukifunguka utakuja kama teke."

Akamnyanyua kichwa, akaweka kiganja kifuani, akasukuma taratibu. Hatua moja nyuma. Tok. Sauti kama ya mtu anayevunja vidole, lakini kubwa, hata farasi wa banda la pili akageuka. Mguu ukakunjika kwa kishindo, ukapanda kuelekea tumboni, ukashuka. Kitunguu akasimama kidogo. Kisha akapita kati yetu akaenda zake kwenye pipa la maji, anatembea vizuri kuliko mimi.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Daktari alirudi, na safari hii tulikatazwa kumtembeza kabla hajafika. Akaisukuma ile pia kwa mkono juu na nje, ikanasa mbele ya macho yetu, akaifungua. Akatueleza: farasi husinzia akiwa amesimama kwa sababu ana ndoana ndani ya goti la nyuma. Kano ya ndani ya pia huangikwa juu ya nundu ya mfupa wa paja, mguu ukajifunga wenyewe bila kuchosha misuli. Akitaka kutembea, misuli ya paja huinyanyua ile pia kutoka kwenye ndoana. Farasi mchanga aliyerefuka upesi, miguu yake imenyooka mno, misuli yake bado myembamba, hukosa nguvu ya kuinyanyua. Na misuli hunyauka kwa nini? Kwa kusimama. Zile nyasi za magotini, zile siku za huruma, zile saa kumi na saba. Nilizikumbuka karoti nikaona haya.

Basi dawa ikawa kazi. Dakika ishirini asubuhi na ishirini jioni, mwendo ulionyooka, kupanda kilima kando ya majani ya chai. Wiki ya pili nusu saa, kisha arobaini. Hakuna kumzungusha duara dogo kwenye kamba, kwa kuwa kona kali ndizo hunasa. Kuteremka polepole. Pumba zipunguzwe, maana fosforasi yake ni nyingi kuliko kalsiamu na mifupa inayokua haiitaki hivyo, aongezewe majani ya lusini. Akae nje kila dakika ambayo usubi hawapo. Alipigwa eksirei pia, kuhakikisha hakuna kipande cha gegedu kilichobanduka ndani ya goti, na hakikuwepo. Mwenye shamba aliulizia ile operesheni ya kuikata kano. Daktari akasema ipo, lakini ile pia ya goti inaweza kuja kumeguka ncha baadaye, tungoje miezi sita kwanza.

Hatukuifikia. Mwezi wa tatu goti lilikuwa linanasa mara moja kwa wiki, wa nne likaacha. Kitunguu alikimbia kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Road msimu uliofuata, akashika nafasi ya nne, ya nne tena, ya mwisho. Masaisi waliapa ni kile kilima. Daktari alipoulizwa alicheka akasema wengine hupona kwa kukua tu, misuli ikijaza paja, na mvua nazo zilikuwa zimekwisha. Kwa hiyo labda tulimponya na labda tulimtembeza tu huku anajiponyea. Nikikiona kilima kile nikiwa kwenye matatu, magoti yangu mimi ndiyo huuma.

Kuna jambo moja sikumwambia daktari. Asubuhi ile ya tok, nyapara aliunyanyua mguu wa kushoto, akaugeuza ukwato kwenye mwanga wa tochi. Ncha ya mbele ilikuwa imesagika bapa, kama imepigwa msasa, upana wa dole gumba. Ukwato wa kulia ulikuwa mviringo kama kawaida.

"Hii umeiona lini?"

Mimi ndiye niliyekuwa nachokoa kwato hizo kila siku.

"Leo," nikasema.

Nilikuwa nimeiona kabla hata ya Jumanne ile ya kwanza. Nikadhani fundi wa kwato alipitisha tupa vibaya, nikanyamaza, kwa kuwa saisi wa mwaka mmoja hamsemi fundi wa miaka ishirini. Wakati huohuo mguu ulikuwa ukinasa kidogokidogo usiku, anaukokota hatua mbili ndani ya banda, unajifungua, na asubuhi simwoni ila amesimama.

Wiki iliyofuata fundi alikuja kuwakata kwato kama ilivyopangwa, wiki sita zimetimia. Akamwinua Kitunguu mguu, akauweka kwenye paja lake juu ya ngozi, akatazama.

"Hii si tupa yangu," alisema. "Huu umekokotwa. Na si wa juzi. Una wiki tatu huu."

Nyapara alikuwa ameshika hatamu. Alinitazama, kisha akaitazama hatamu. Fundi akafupisha ncha, akauviringisha ukingo wa ndani kidogo ili mguu ugeuke kwa wepesi, na kile kipande bapa kikadondoka kwenye tope. Mbwa wa shamba, ambaye siku za fundi hukaa tayari tangu asubuhi, akakidaka kabla hakijatulia, akaenda kukitafuna chini ya toroli.